Faili Mia Moja na Kumi na Nne

Kioo cha kompyuta kilikuwa cheusi, na katikati ya weusi huo palikuwa na maandishi meupe ya Kiingereza yaliyosema, kwa adabu kabisa, kwamba mashine haijaona kitu cha kuiwasha. Deka aliizima, akaiwasha. Akaizima tena, akahesabu hadi thelathini kama alivyowahi kuambiwa na mtu, akaiwasha. Maandishi yakarudi yale yale. Ilikuwa Ijumaa, saa tano asubuhi, na mtihani wake ulikuwa saa tisa.

Betri ya kompyuta ile ilikufa zamani, ikabaki kuishi kwa waya. Alfajiri hiyo kompyuta ilikuwa imeanza kujiongezea mambo mapya yenyewe bila kuombwa na mtu, stima ikapotea mtaa mzima, na stima iliporudi kompyuta haikurudi nayo.

“Hooyo, imekufa,” Deka alimwambia mama yake.

Maka alikuwa uani akikaza vifuniko vya jerikeni za maziwa ya ngamia, tayari kwenda sokoni. Hakugeuka. “Waambie hao watu wakungoje hadi Jumatatu.”

“Hawangoji. Tuko zaidi ya mia tatu. Ukikosa saa yako, jina lako linafutwa.”

“Basi fanya kwa simu.”

“Simu hawataki. Wanataka kompyuta yenye kamera, wakuone umekaa peke yako.”

“Wakuone!” Sasa Maka akageuka. “Kazi gani hiyo ya kuangaliwa?”

Alijua ni kazi gani. Alikuwa ameelezwa mara nyingi na ameiombea dua kila baada ya swala: ukalimani wa simu, daktari wa ng’ambo upande huu, mgonjwa Msomali upande ule, na wewe katikati, kwako nyumbani Garissa, unampa kila mmoja maneno ya mwenzake. Deka alikuwa ameomba kazi za namna hiyo mara kumi na moja, na hii ndiyo ya kwanza iliyomjibu. Maka aliuliza tu kwa sababu hofu ikimpata huwa mkali.

Sebuleni, kwenye godoro lililo chini ya dirisha, baba yake, Maalim Shurie, alikuwa akijisikiliza mwenyewe redioni.

Hapo lazima redio ielezwe, maana mambo yote ya siku hiyo yalipitia kwenye tundu lake la flashi. Maalim Shurie alifundisha Kurani kwenye duksi ya mtaa kwa miaka thelathini. Kiharusi kilimpata mwaka juzi, kikachukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na ulimi wote. Akabaki na sauti moja tu, “haa,” ambayo ilikuwa ndiyo, ilikuwa hapana, ilikuwa maji na ilikuwa asante. Lakini Ramadhani moja kabla ya kuugua alikuwa ameketi palepale chini ya dirisha akasoma Kurani nzima, sura baada ya sura, Deka akimrekodi kwa simu. Simu hiyo iliibiwa baadaye. Kilichobaki ni flashi moja nyeusi, yenye faili mia moja na kumi na nne, iliyochomekwa kwenye redio. Haikuwa rekodi safi. Mbuzi alilia katika sura zaidi ya kumi. Kila sura ilianza na Maalim kusafisha koo. Na alipokosea, maana hata yeye alikosea, ilisikika bakora yake ikigonga sakafu, ko, jinsi alivyowagongea wanafunzi: mara moja, rudia aya; mara mbili, anza tena tangu mwanzo.

Mtu atauliza kwa nini hawakuweka nakala nyingine. Watu hawaweki nakala ya kitu kinachosikika nyumbani mwao kila asubuhi.

Deka alisikiliza kidogo, akaitia kompyuta kwenye mkoba, akafunga mtandio.

“Nampelekea Mustafe,” alisema.

—

Mustafe alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta karibu na kituo cha magari ya Dadaab. Alikuwa na miaka ishirini na saba, ndevu chache alizozitunza sana, na alikuwa amesoma kwa Maalim Shurie tangu utotoni hadi alipofika nusu ya Kurani. Katikati ya Suratul Kahfi aliacha, akaenda Nairobi kusomea kompyuta. Akikutana na Maalim mpaka leo huficha mikono nyuma, kama mwanafunzi anayeogopa bakora.

Aliiwasha kompyuta ya Deka, akaitazama, akavuta ulimi.

“Windows imeharibika. Ilikatwa katikati ya apdeti. Si kitu, tunaweka mpya. Saa moja, saa moja na nusu hivi.”

“Nina mtihani saa tisa.”

“Vitu zako ziko ndani?”

“Zangu ziko kwa imeli. Futa zote.”

“Basi hakuna story.” Akavuta droo. Akafungua nyingine. Akasimama, akapapasa mifuko ya suruali. “Lakini flashi. Nina Windows kwa mashine yangu hapa, sasa nahitaji flashi ya kuibeba, ya gigi nane kwenda juu. Yangu jamaa alienda nayo Hagadera juzi. Hizi zote ni za nne.”

“Nitanunua moja.”

“Nunua haraka, dada.”

Deka alitoka mbio. Lakini ilikuwa Ijumaa. Duka la kwanza mlango wa chuma ulikuwa umeshashushwa. La pili mwenye duka alikuwa akifunga kufuli, kanzu imepigwa pasi, manukato yakinukia hadi barabarani. “Baada ya swala,” alimwambia. La tatu lilikuwa na flashi za gigi nne tu. La nne limefungwa. Mji mzima ulikuwa unajifunga, kama kila Ijumaa, na hakuna mtu mwenye akili Garissa ambaye angeulaumu. Maduka yangefunguliwa saa nane na nusu, au saa tisa kwa wenye kupenda chakula.

Deka alisimama juani, jasho likimshuka mgongoni, akaikumbuka flashi nyeusi. Ilikuwa ya gigi kumi na sita.

—

Nyumbani hapakuwa na mtu. Maka alikuwa sokoni. Maalim alikuwa ameshachukuliwa na jirani yao, Kanchora, Mborana wa kutoka upande wa Wajir aliyempakia kwenye bajaji yake kila Ijumaa na kumfikisha msikitini mapema ili apate nafasi ya kiti cha magurudumu.

Redio ilikuwa kimya. Deka aliishika flashi kwa vidole viwili, hakuivuta. Alijiambia ni saa mbili tu. Itanakiliwa, itatumika, itarudishiwa vitu vyake, itachomekwa hapa kabla baba hajarudi kusikiliza Suratul Kahfi, maana Ijumaa bila Suratul Kahfi hakuwahi kuikubali. Alijiambia pia kwamba angekuwa na njia ya kumwuliza angemwuliza. Hilo halikuwa kweli. Angemwuliza, naye angesema haa, na Deka angechagua mwenyewe maana yake.

Akaivuta.

Mustafe alikuwa ameteremsha mlango wa chuma hadi nusu, mtu asije akamwona anafanya kazi wakati watu wanakwenda Ijumaa. Deka akainama kumpa flashi.

“Kuna Kurani ndani,” alisema. “Nakili kwanza. Zote. Usiache hata moja.”

Hakusema ni ya nani. Aliona haya. Kumwambia mwanafunzi wa Maalim kwamba amemchukulia Maalim flashi yake bila ruhusa, mzee akiwa msikitini, ilikuwa kama kukubali kuitwa mwizi. Neno “Kurani” likatosha.

“Wallahi, sitaacha,” Mustafe alisema.

Deka akaketi nje kwenye benchi. Hakuingia, na hakuna aliyemtarajia aingie: msichana na mvulana, peke yao, mlango nusu umefungwa, watu wanapita kwenda msikitini. Kwa hiyo hakuona kioo.

Mustafe alichomeka flashi. Zikatokea faili zake: 001, 002, 003, hadi 114. Alikuwa nazo. Kwenye mashine yake kulikuwa na folda iitwayo KURANI, ambayo aliwajazia wateja kwenye flashi na kadi za simu kila wiki, sauti ya msomaji mmoja maarufu wa Uarabuni, na sura zake zilipewa nambari zile zile, kama zinavyopewa kila mahali. Akaziburuta za Deka, akaziangusha kwenye folda hiyo. Kompyuta ikauliza: faili zenye majina haya zipo tayari, zibadilishwe au zirukwe?

Muadhini alikuwa ameanza. Mustafe alitazama saa, akawaza kama ambavyo Mwislamu yeyote angewaza: Kurani ni ile ile. Hata aliona ni utovu wa adabu kuifuta moja ili kuweka nyingine. Akabonyeza ruka. Zote.

Akahesabu zilizomo kwenye folda: mia moja na kumi na nne. Hakuna iliyokosekana. Kisha akaiagiza kompyuta iweke Windows kwenye flashi. Ikamwonya kwamba kila kilichomo kitafutika, ikamwuliza kama ana hakika.

Alikuwa na hakika.

—

Kuanzia hapo kazi ilikwenda vizuri, na hilo ndilo linaloudhi. Flashi ilikubali, kompyuta ya Deka ikawaka kutoka kwenye flashi, kioo kikageuka buluu, asilimia zikaanza kupanda. Mustafe alitoka, akashusha mlango, akafunga kufuli.

“Unaifungia ndani?” Deka akauliza.

“Inajiweka yenyewe. Nikirudi itakuwa imemaliza.”

“Na stima ikipotea?”

“Omba Mungu,” Mustafe alisema, akakimbia, viatu mkononi tayari.

Deka alibaki kwenye benchi akiangalia kufuli. Barabara ilikuwa tupu. Mbuzi wawili walikuwa wakitafuna katoni. Alijisemea sentensi za mtihani, Kiingereza halafu Kisomali: Una maumivu kiasi gani, moja hadi kumi? Dawa hii unywe ukiwa umekula. Kila mara feni ya hoteli ya jirani ilipopunguza kasi, aliikatisha sentensi hadi feni izunguke tena. Alimfikiria mama yake, ambaye tangu kiharusi ndiye aliyeilisha nyumba hii kwa vikombe vya maziwa, na ambaye magoti yake sasa yanalia akisimama. Hakuifikiria flashi hata mara moja. Alikuwa amesema zinakiliwe zote, na ameapiwa.

Saa nane kasorobo Mustafe akarudi. Saa nane na robo kompyuta ikasema karibu. Ikakataa kushika intaneti, Mustafe akaifungia simu yake kwa waya, ikakubali. Saa nane na nusu akaisafisha flashi, akaijaza upya kutoka folda ya KURANI, akamwita Deka mlangoni.

“Hesabu mwenyewe.”

Deka akasoma chini ya kioo: 114. Akapumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

“Pesa ngapi?”

“Mtoto wa Maalim nimchaji? Msalimie tu.”

—

Saa tisa kasoro dakika saba alichomeka flashi kwenye redio. Saa tisa kasoro tano alifunga mlango wa chumba cha ndani, akaweka kompyuta juu ya sanduku la nguo, akavaa vipokea sauti. Saa tisa kamili uso wake mwenyewe ukatokea kwenye kioo, mdogo na wenye vumbi, na sauti ya mwanamke ikamsomea masharti. Usiondoke kwenye kiti. Usinyamaze zaidi ya sekunde kumi. Ukivunja sharti lolote, mtihani utajifunga.

Daktari wa kwanza alikuwa na habari za sukari, akaenda vizuri. Wa pili alieleza jinsi ya kufunga kidonda, akaenda vizuri zaidi. Nje alisikia bajaji ikisimama, na Kanchora akimwambia Maka, aliyekuwa amerudi kutoka sokoni, “Maalim nimefikisha salama. Leo imamu alitupa chakula kwanza baada ya swala.” Magurudumu yakaparuza kizingiti. Godoro likalia. Deka alijua kinachofuata: mama ataiwasha redio, atatafuta 018, Suratul Kahfi.

Daktari wa tatu alikuwa akisema, “Mwambie asiache dawa hata akijisikia amepona.”

Deka alifungua mdomo, na ukutani ikapenya sauti.

Haikusafisha koo.

Ilianza moja kwa moja, kubwa, nzuri, yenye mwangwi wa msikiti wenye kuta za marumaru. Hapakuwa na mbuzi. Hapakuwa na mtu aliyevuta pumzi kwa shida mwishoni mwa aya ndefu. Kwenye kona ya kioo, sekunde zilikuwa zikihesabiwa: nne, tano, sita.

“Daktari anakuambia,” alisema kwa Kisomali, na sauti yake ikatoka tulivu kiasi cha kumtisha mwenyewe, “usiiache dawa hata ukijisikia umepona.”

Ukutani, redio ikazimwa.

Zilibaki dakika kumi na nane. Alizimaliza zote. Alikalimani homa ya mtoto, mashine ya kupima presha, na mzee aliyeomba aruhusiwe kwenda nyumbani. Baina ya sentensi na sentensi alisikiliza ukuta, na ukutani hapakuwa na kitu. Mwisho kioo kikamwonyesha alama themanini na sita, na neno la pongezi.

—

Maalim alikuwa amelala ubavu, uso ukutani. Maka alikuwa ameketi kando yake, flashi mkononi.

“Nimeweka Kahfi,” Maka alisema polepole. “Akasikiliza pumzi moja. Moja tu. Akanyoosha mkono huu mzima akaizima mwenyewe. Deka, huyu aliyemo humu ni nani?”

Deka alieleza. Alieleza akiwa amesimama, maduka yaliyofungwa, gigi nne na gigi kumi na sita, benchi, kufuli. Maka hakuelewa nusu yake, lakini alielewa kilichohitajika.

“Ulimwambia ni ya Maalim?”

“Nilimwambia ni Kurani.”

Maka akafumba macho. “Na mtihani?”

“Nimepita.”

“Kazi umepata, na sauti ya baba yako imekwenda. Sasa nifurahi kwa upande upi, mwanangu? Nionyeshe.”

Hapo Deka akalia, kwa sauti, kama mtoto. Maalim hakugeuka. Hilo lilimuuma kuliko kama angepigwa, maana baba yake hakuwahi kumnyima uso.

Mustafe alifika saa kumi na nusu, begi la kompyuta begani, amepauka. Alikuwa amesikia kwa simu. Aliomba flashi hata kabla ya kuketi, akaichomeka kwenye mashine yake, akaiendeshea programu ya kufukua vilivyofutwa. Wote wakatazama mstari wa kijani ukitambaa. Ulipomaliza ulileta majina ya ajabu ajabu, vipande vya Windows. Kimoja tu kilikubali kufunguka. Kilikuwa sekunde tatu za mlio wa chuma.

“Niliandika Windows juu yake, halafu nikaandika tena,” Mustafe alisema. “Hakuna kitu chini.”

“Hukufungua hata moja ukasikiliza?” Maka akamwuliza. “Sauti iliyokufundisha kusoma?”

“Sikufungua, eedo.” Alimwita shangazi. “Niliona nambari tu. Nilidhani ni zile zile.”

Akasogea kwa magoti hadi kando ya godoro. “Maalim, nisamehe. Maalim.”

Kisha Maalim Shurie akajigeuza, polepole, upande mbovu ukiburutwa na upande mzima. Hakumtazama Mustafe machoni. Alitazama mikono yake, iliyokuwa imefichwa nyuma, na mkono wake wa kushoto ukapapasa chini ya godoro ukatoa bakora.

Mustafe akainamisha kichwa. Alikuwa tayari kupigwa, na pengine angeshukuru.

Bakora ikaelekezwa kwenye redio iliyozimwa. Ikaelekezwa dirishani, ambako jua la Ijumaa lilikuwa bado halijazama. Kisha ikamwelekea Mustafe kifuani, ikakaa hapo.

“Haa,” Maalim akasema.

Maka ndiye aliyeelewa kwanza. “Hajasikia Kahfi yake leo,” alisema. “Soma.”

“Mimi?” Mustafe akauliza. “Eedo, niliacha katikati. Ni miaka mingi.”

“Soma hadi hapo katikati.”

Mustafe akakunja miguu. Akaanza, sauti nyembamba, macho kwenye mkeka. Aya ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Ya tano akateleza.

Ko.

Deka aliyekuwa mlangoni akashtuka mwili mzima. Alikuwa ameusikia mlio huo kila asubuhi kwa miaka miwili, na tangu saa tisa alikuwa amejua kwamba hatausikia tena. Mustafe akarudi nyuma, akairekebisha aya, akaendelea. Katika aya, vijana wakalala pangoni, jua likawapita kulia na kushoto. Ko. Akarudi nyuma. Penye neno moja alikwama kabisa, akabaki na mdomo wazi, na Deka akalisema yeye kutoka mlangoni, bila kujua kama anaruhusiwa. Akaingoja bakora. Haikugonga. Uani mbuzi akalia, na hakuna aliyekwenda kumfukuza.

Mustafe alifika pale alipoachia utotoni, baada ya makosa kumi na saba. Shati lilikuwa limelowa. Akajifuta uso, akatazama dirishani: jua lilikuwa limebaki kama nusu saa. Alidhani amesamehewa, au angalau ameruhusiwa. Akavuta begi lake begani, akaanza kusimama.

Maalim Shurie akagonga mara mbili.

Mustafe akaliweka begi chini, akakunja miguu, akaanza tena tangu mwanzo.